Baiskeli ya Kwanza ni Ile Fundi wa Kwenu Anaweza Kuitengeneza

Anayenunua kinga (baiskeli) ya kwanza huko Masisi au Walikale, Kivu ya Kaskazini, mara nyingi ana pesa kidogo iliyokusanywa kwa shida: mauzo ya maharagwe ya msimu mmoja, zamu yake katika likelemba (mchango wa kupokezana), au mgawo wa AVEC, chama cha akiba na mikopo cha kijijini, mwisho wa mzunguko. Tangu Januari 2025, benki za Goma zilipofunga milango na vita vikazidi kuhamisha watu, pesa hiyo imekuwa ngumu zaidi kupatikana, na ikishapotea hairudi upesi. Kwa hiyo ushauri wa kununua baiskeli katika nchi hii hauwezi kuanza na rangi wala jina la kiwanda. Unaanza na swali moja: kitu hiki kikiharibika Nyabiondo, Mweso au Mubi, ni nani atakayekitengeneza, kwa kipuri kipi, na kwa bei gani? Baiskeli nzuri ya kwanza ni ile ambayo fundi wa kijijini kwako anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuifunga siku hiyohiyo, kwa vifaa vinavyouzwa kwenye soko lenu. Sifa nyingine zote huja baada ya hiyo.

Bei ya dukani ni sehemu ndogo ya gharama. Baiskeli inayobeba viazi au mawese kwenye njia za Masisi hula mipira ya breki, tairi, cheni na spoku, na hula vitu hivyo mwaka baada ya mwaka. Vipuri vyenyewe vingi hutengenezwa China na India, vikashushwa bandari za Mombasa au Dar es Salaam, vikavuka mipaka kadhaa kabla ya kufika Goma, kisha vikapanda milima. Kila hatua inaongeza bei, na kipuri kisicho cha kawaida huenda kisifike kabisa. Baiskeli ya bei nafuu yenye kipande kimoja kisichopatikana hugeuka chuma cha kuegemeza ukutani. Ile ya kizamani, ya chuma, isiyo na gia, yenye magurudumu ya inchi 28, kama zile za Phoenix kutoka China au Hero na Avon kutoka India, si nyepesi wala haina urembo, lakini vipande vyake vinafanana na kuazimana. Nati ya moja hukubali nyingine, na fundi aliyejifunzia moja amejifunzia zote.

Igawe pesa yako kabla ya kufika sokoni. Chukulia pesa yako yote kuwa sehemu 100: usinunue baiskeli ya 100. Tafuta ya 60. Nyingine 25 zitumie wiki ileile ya kwanza kuifungua na kuitia afya: tairi la nyuma, mipira ya breki, grisi kwenye ekseli na shingo ya usukani, keria imara. Zile 15 za mwisho zihifadhi kwa pampu, gundi na viraka, spana na mpira wa ndani wa akiba. Kanuni hii inawapendelea wanaonunua baiskeli iliyotumika, na hilo ni sawa, kwa kuwa iliyotumika ikatunzwa hushinda mpya ya bei ya chini. Mpya za bei ya chini mara nyingi hufungwa haraka, bila grisi ya kutosha na spoku zikiwa zimelegea. Ukinunua mpya, mlipe fundi aikaze upya kabla hujaipandia hata mara moja.

Nchi yenyewe ndiyo inayopanga umuhimu wa vipande. Ziwa Kivu liko meta 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi hupita meta 2,000. Anayetoka huko juu kuteremkia Sake anashuka mamia ya meta. Fanya hesabu hii: mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 50 ni kilo 135. Uzito huo ukishuka meta 500 polepole kwa kushikwa na breki, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita mbili za maji yaliyokuwa baridi. Joto hilo lote linapita kwenye vipande vichache vya mpira na rimu mbili. Ndiyo maana breki ndicho kitu cha kwanza kukaguliwa, kabla ya fremu, kabla ya tairi. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake na umbali wa kusimama hurefuka sana, na Masisi mvua ni ya sehemu kubwa ya mwaka. Rimu ya aluminiamu hushika vizuri zaidi ikilowa, kwa hiyo ukiiona ya saizi inayopatikana sokoni kwenu, ichukue.

Breki ya kukanyaga nyuma, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, haijali mvua wala matope, na ni chaguo zuri kwa barabara za Walikale. Udhaifu wake ni mteremko mrefu: kitovu huchemka, grisi huyeyuka, nguvu hupungua. Basi iwe na mwenzake wa mbele. Sharti ni breki mbili zinazojitegemea, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Jaribu kila moja peke yake: sukuma baiskeli mbele huku umeishika breki ya mbele tu, kisha ya nyuma tu. Gurudumu likiendelea kuzunguka, usiamini maneno ya muuzaji kwamba breki itakaza yenyewe. Na kwenye miteremko mikali yenye mzigo, shuka utembee. Hakuna breki ya bei yoyote inayoondoa hitaji hilo.

Pingamizi la kwanza husemwa na vijana zaidi: milima yote hii inapandwaje bila gia? Baiskeli mpya zenye gia 18 au 21 na springi mbele zipo madukani, nazo zinaonekana kuwa jibu la wazi. Lakini turudi kwenye hesabu. Mtu mzima mwenye afya anayekanyaga pedali muda mrefu bila kujivunja hutoa nguvu ya wati 75 hadi 100. Kwenye mwinuko unaopanda meta 8 kwa kila meta 100, kuzipandisha zile kilo 135 kwa mwendo wa kilometa 4 kwa saa kunadai wati karibu 118, kabla ya kuhesabu matope na mawe. Kilometa 4 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetembea. Gia hulainisha pedali, ila haiongezi nguvu ya mwili. Mwenye mzigo mwenye gia 21 naye atafika mahali atakapokwenda polepole kuliko mtembea kwa miguu, baiskeli itaanza kuyumba, na atashuka aisukume kama mwenzake asiye na gia. Tofauti ni kwamba yeye anasukuma pia cheni nyembamba na kile kidude cha kubadilishia gia kinachoning'inia karibu na ardhi, ambacho tope huziba na jiwe hupinda.

Kuna ushahidi mwingine unaostahili kuzingatiwa. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka 2005, na mmoja wa waanzilishi wake, F. K. Day, alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Chicago inayotengeneza gia za baiskeli. Mtu huyo angeweza kuweka gia yoyote aliyotaka. Baiskeli iliyotoka, iitwayo Buffalo, ikasambazwa Zambia, Kenya, Malawi na kwingineko, ilikuwa ya chuma, nzito, isiyo na gia, yenye breki ya kukanyaga nyuma na keria ya kubeba hadi kilo 100. Walichagua urahisi wa kutengeneza mbele ya kila kitu. Utafiti uliofanywa Zambia kwa wasichana wa shule waliopewa baiskeli hizo ulionyesha kuwa muda wa safari ya shule ulipungua kwa karibu theluthi na utoro kwa zaidi ya robo. Baadaye shirika hilo lilitoa aina yenye gia mbili tu. Hilo linaonyesha kwamba gia si dhambi, lakini hata wenye ujuzi wote huo waliziongeza kwa uangalifu, tena mbili, si ishirini na moja.

Kwa hiyo asiyebeba mzigo mzito, kama mwalimu, muuguzi au mwanafunzi anayekwenda mwenyewe na mkoba wake, ana haki ya kutaka wepesi kwenye mwinuko. Anao ufumbuzi usiohitaji gia: amwombe fundi abadilishe duara la meno la gurudumu la nyuma. Kutoka meno 18 hadi 22, nguvu inayodaiwa kwenye pedali hupungua kwa karibu moja ya tano. Atakwenda taratibu zaidi kwenye tambarare, lakini Masisi tambarare ni chache. Ikiwa ni lazima anunue ya gia, achague fremu isiyo na springi na gia chache, na kabla ya kulipa aulize fundi wake kama ameshawahi kutengeneza ya aina hiyo.

Magurudumu ni jambo la pili baada ya breki. Barabara ya Goma hadi Sake inapita juu ya mawe ya volkeno, na mawe hayo yana makali. Chagua tairi pana, si jembamba, na chagua saizi iliyotundikwa kwenye vibanda vya soko lenu. Huko zikiwepo za inchi 28 za kizamani, nunua 28. Zikiwepo 26 pana za milimani, nunua 26. Usinunue saizi ambayo tairi lake litatumwa kutoka Goma, maana njia ya Goma hufungika. Zungusha gurudumu likiwa hewani, ulitazame kupitia breki: likicheza kushoto na kulia kidogo fundi atalinyoosha kwa kukaza spoku, likipanda na kushuka rimu imeumia. Gusa spoku moja moja kwa vidole. Zenye sauti butu zimelegea, na spoku moja iliyolegea inazihamishia nyingine kazi hadi nazo zikatike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndipo uje kwenye fremu. Tazama mahali mabomba yanapoungana, hasa chini ya shingo ya usukani na kwenye uma wa mbele. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ni sababu ya kuuliza, kwa sababu rangi huficha ufa. Bomba la chuma lililopasuka linaweza kuchomelewa, na huo ndio ubora wa chuma katika nchi yenye wachomeleaji na isiyo na viwanda, ila lisichomelewe shingoni kisha ukaliamini kwenye mteremko. Shika mkono wa pedali uusukume ndani na nje: ukicheza, pini yake au gololi zimekwisha, na hilo lishushe bei. Pima cheni kwa rula. Vipande 24 vya cheni mpya vina sentimeta 30.5, vikifika 30.8 cheni imekwisha, na huenda imeshakula meno yote. Hesabu bei ya cheni na meno ndani ya bei unayoambiwa.

Saizi ya mwili hupuuzwa mno, na wanaoumia zaidi ni wanawake na vijana. Fremu nyingi za inchi 28 zilitengenezwa kwa wanaume warefu. Simama juu ya bomba la juu huku miguu yote miwili ikigusa ardhi. Usipoweza, hiyo si baiskeli yako hata ikiwa nafuu. Ukikaa kwenye kiti na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu uwe umenyooka. Kiti cha chini mno huua magoti polepole. Kwa mwanamke avaaye kitenge na kubeba mizigo, fremu iliyo wazi katikati si aibu, ni ya manufaa, mradi mabomba yake mawili ya kushuka yawe imara. Katika milima hii wanawake wengi hubeba magunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Baiskeli ya kusukuma tu, hata kwa asiyejua kuipanda, huhamisha gunia la kilo 50 kutoka shingoni mwake hadi kwenye magurudumu. Familia inayonunua kinga moja na ijadili kwanza nani atakayeitumia zaidi, kisha inunue kwa kipimo cha huyo.

Pingamizi la pili ni la chukudu. Gari hilo la mbao la magurudumu mawili ni uvumbuzi wa Kivu ya Kaskazini wenyewe, na tangu 2009 lina sanamu yake katikati ya mji wa Goma. Hutengenezwa hapahapa, kwa mbao na vipande vya tairi kuukuu, na hubeba mamia ya kilo kwenye mteremko, zaidi ya baiskeli yoyote. Kama kazi yako ni kuteremsha makaa, mbao au viazi kuelekea Sake na Goma, chukudu ndicho chombo chako, na pesa ya baiskeli iweke huko. Lakini chukudu halina pedali. Kwenye tambarare na kwenye njia ndefu za kwenda na kurudi, nguvu yote ni ya mguu unaosukuma ardhi, na kurudi mlimani ni kulikokota. Mwenye mzigo wa kati, safari za kila siku, na haja ya kurudi nyumbani kabla ya giza, atafaidika zaidi na kinga.

Pingamizi la tatu ni la pikipiki: kwa nini usisubiri uweke akiba hadi uipate? Kwa sababu pikipiki hudai mafuta kila asubuhi, na mafuta ya Walikale yana bei ya Goma pamoja na bei ya njia. Siku usiyo na pesa ya mafuta pikipiki hulala. Baiskeli hutembea kwa ugali na sombe. Zaidi ya hayo, daraja likianguka, baiskeli hubebwa begani au hupakiwa mtumbwini kuvuka Osso au Lowa. Historia ya Walikale yenyewe inafundisha. Baada ya mgodi wa bati wa Bisie kugunduliwa mwaka 2002, wachukuzi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupita msituni hadi Njingala, na ndege zikatua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kuyapeleka Goma. Mali ilipaa, watu wakabaki wakitembea. Chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukimiliki, kukielewa na kukitengeneza mwenyewe kinampa kitu ambacho ndege zile hazikumpa. Ukikipata na kikakuzalishia, pikipiki inaweza kuja baadaye kutokana na faida yake.

Wapo pia waliotazama Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabara mjini Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na sasa wanatamani baiskeli ya mbio. Tamaa hiyo ni njema na isikejeliwe. Lakini tairi za milimita 25 zinahitaji lami laini na pampu ya nguvu, na rimu zake hazistahimili mashimo ya Mushaki. Kijana mwenye ndoto hiyo na pesa kidogo ajenge mapafu na miguu juu ya baiskeli ya chuma anayoweza kuitunza. Nguvu ya mwili haijui jina la fremu, na akipata klabu au mfadhili, atakuwa amekwisha kujiandaa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Kwa nini nitie pesa kwenye kitu kinachoweza kunyang'anywa kwenye kizuizi, au nitakachokiacha nikikimbia usiku? Siwezi kumwahidi mtu kwamba hilo halitatokea. Ila hatari hiyo inaimarisha hoja badala ya kuivunja. Baiskeli ya kawaida, isiyong'aa, haivutii macho kama mpya yenye gia, na ikipotea hasara ni ya pesa uliyoweza kuikusanya, si ya deni. Kwa sababu hiyo usikope kununua kinga ya kwanza. Muuzaji akupe karatasi yenye jina lako, tarehe na namba iliyogongwa kwenye fremu, na nakala moja aitunze ndugu anayeishi mahali pengine. Wakati wa kukimbia, baiskeli iliyo na hewa kwenye tairi na keria imara hubeba mtoto, godoro na debe la unga. Iweke tayari kwa siku hiyo kama unavyoiweka tayari kwa soko.

Basi utaratibu ni huu. Kwanza nenda kwa fundi, si kwa muuzaji: muulize ni baiskeli gani anazozitengeneza kila wiki na vipuri gani vipo sokoni. Pili, amua kazi: mzigo, abiria, au wewe peke yako. Tatu, gawa pesa yako kwa 60, 25 na 15. Nne, nenda sokoni asubuhi pamoja na fundi huyo, umlipe kwa muda wake. Malipo hayo ni madogo kuliko kosa moja. Kagua breki, magurudumu, fremu, kisha cheni, kwa mpangilio huo, na uwe tayari kuondoka mikono mitupu, kwa sababu soko litarudi wiki ijayo lakini pesa yako haitarudi. Ukishainunua, jifunze kwa fundi mambo matatu kabla ya mwezi kwisha: kuziba tundu, kukaza breki, na kurudisha cheni iliyotoka. Anayejua hayo matatu hakwami njiani kati ya Masisi na Walikale, na kinga yake itamlisha miaka mingi.